Zilizotumwa na Zilizofika

9 Septemba, Jumatatu

Mvua ya kwanza ya msimu imenyesha asubuhi, dakika kumi tu, ikaacha harufu ya vumbi bichi iliyochanganyika na ya kiwanda cha bia. Daktari wa macho ameniambia nikitoka kazini nisiguse skrini tena, kwa hiyo nimenunua daftari. Enzi zetu za Bukoba baba aliandika kila siku, hali ya hewa na nani kapita kumsalimu. Alifariki Machi. Labda ndiyo sababu nimeanza.

Kazi yangu ni kuipima programu kabla watu hawajaitumia. Mama huwaambia majirani kwamba natengeneza simu, nami nimeacha kumsahihisha. Ofisini tuko kumi na wanne, ghorofa ya pili, barabara ya kwenda Grande Barrière, kivuko cha mpakani cha kuingilia Goma. Mfumo wetu huwatumia wagonjwa ujumbe: kesho ni siku ya dawa, fika zahanati. Kifafa, presha, kisukari, pumu. Zahanati sita zinautumia, kuanzia Kanama mpaka Busasamana.

Jumatatu ni siku ya Duara. Tunasimama kwa mviringo na kila mtu anataja rangi ya wiki yake: kijani, njano au nyekundu. Ni ubunifu wa Rutayisire, mkurugenzi wetu, ambaye alikulia Kampala na kusoma huko uongozi. Ninampenda Rutayisire. Baba alipokufa alikuja nyumbani na sufuria ya supu, akakaa na mama saa nzima bila kuangalia simu yake.

Leo wote tulikuwa kijani isipokuwa Mama Nyirasafari, anayepokea simu za wagonjwa. Yeye alisema njano, kisha akaanza: "Wale wa laini ya Kongo banasema message haifike. Mi nasema kila siku."

Rutayisire aliweka mkono kifuani. "Nimekusikia, Mama Nyirasafari. Asante kwa kulileta. Sasa tupe pia jambo moja zuri."

Akafikiri, akasema mahindi yake yameota. Tukapiga makofi. Yule mama anajua kulalamika. Chai yangu ilishapoa.

12 Septemba

Mvua. Hakuna la kuandika.

16 Septemba, Jumatatu

Nyirasafari ameandika tena kwenye orodha ya kasoro. Orodha hiyo ni yangu: mtu akiona tatizo anaandika, mimi nachunguza, nalifunga au nampelekea Hamdani alirekebishe. Ameandika kwa herufi kubwa tupu, kama mtu anayeita ng'ambo ya barabara: MUGONJWA WA BUSASAMANA HAKUPATA MESSAGE LAINI YA KONGO.

Nikafungua skrini. Ujumbe ulitumwa saa mbili asubuhi. Nikaandika, "Si kosa la mfumo. Mgonjwa aangalie simu yake," nikafunga.

Hamdani, mwandishi mkuu wa programu, anashinda na vifaa vya kusikilizia muziki masikioni. Ni mtoto wa mafundi cherehani wa mjini, familia inayojulikana. Nimemsalimu mara mbili leo, ameitikia kwa nyusi. Kuna watu wakijua kitu kimoja wanadhani dunia yote inapaswa kusimama.

23 Septemba, Jumatatu

Rutayisire ameniita ofisini kwake baada ya Duara. Wageni wa Kigali, wanaotufadhili, wanakuja Oktoba. Wakiridhika, mfumo utaenda zahanati zote za mkoa.

Akageuza kompyuta nione ukurasa wa ripoti. "Hapa pameandikwa 'Jumbe zilizotumwa'. Unaona tatizo?"

Sikuliona.

"Mgeni atauliza, zilizotumwa, lakini zilifika? Atashuku bila sababu. Tuandike 'Jumbe zilizofika'. Lina joto zaidi."

Nilimwambia tunahesabu zile zinazotoka kwetu. Kufika hatukujui kwa hakika.

"Umuhire," akasema kwa upole, "ni lini mara ya mwisho ulituma ujumbe usifike?"

Akacheka, nikacheka. Hakuna badiliko linaloingia kwenye mfumo bila mimi kubonyeza "Nakubali". Nilirudi kwenye meza yangu nikabonyeza.

24 Septemba

Nimelala vizuri. Mvua usiku kucha.

3 Oktoba, Alhamisi

Wageni wamekuja, wamekaa saa mbili. Ukurasa ule uliwashwa ukutani: Jumbe zilizofika, tisini na nane kwa mia. Mmoja wao aliupiga picha. Sambaza, wale dagaa wa ziwani, zilikaangwa, zikaliwa, zikabaki kwenye sahani za karatasi juu ya meza ya mikutano, na hadi saa kumi hakuna aliyeziondoa. Kwenye kundi letu la simu Rutayisire ameandika kwamba ukweli hujitetea wenyewe. Nimehesabu vijipicha vya makofi thelathini na tisa, kutoka kwa watu kumi na wanne. Vitatu ni vyangu.

7 Oktoba, Jumatatu

Leo kwenye Duara Nyirasafari amesema nyekundu. Sijawahi kuisikia rangi hiyo ikitajwa pale tangu niajiriwe.

Rutayisire hakukasirika, na laiti angekasirika. Alivuta kiti, akaketi mbele yake, akaegemea magoti yake mwenyewe. "Hebu tujiulize sote," akasema, "tunapoingia mlangoni asubuhi, tunaleta roho gani? Mama, hilo uliloleta, unaweza kulisema upya, kwa namna inayojenga?"

Nyirasafari ana miaka hamsini na mbili. Kabla ya kazi hii alivusha unga na mafuta mpakani kwa kichwa chake, akawasomesha watoto wanne. Alisimama na mikono yake imefungwa mbele kama mwanafunzi.

"Jambo la muzuri," akasema, "ni kwamba simu inalia sana."

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Nilisikia cheko langu likitoka, la puani, la kujipendekeza, na kwa mara ya kwanza nikajisikia kinyaa kidogo, kama mtu aliyemeza nywele.

14 Oktoba

Mlima umeporomoka barabara ya Kanama, magari yamekwama tangu alfajiri. Mama anasema maharage ya huko yataoza.

17 Oktoba

Mvua. Nyirasafari ameandika tena. Nimefunga.

22 Oktoba, Jumanne

Naandika polepole ili niandike sawasawa.

Saa tano asubuhi Nyirasafari alikuja kwenye meza yangu, hakuniita jina. Alisema, "Njoo tuende hospitali. Nataka uone mutu."

Nilitaka kumwambia nina kazi. Uso wake ulinizuia.

Kitandani alilala mwanamke wa miaka kama ishirini na minane. Taya lake limefungwa kwa bandeji kuzunguka kichwa, mkono wa kushoto umewekwa plasta, meno mawili ya mbele hayapo. Anaitwa Illuminée. Nyumbani kwao ni Busasamana, anauza vitunguu na karoti ng'ambo, Goma. Ana kifafa tangu utotoni. Kwa miaka minne hakuwa ameanguka hata mara moja, kwa sababu ya vidonge.

Muuguzi wa dawa za kifafa hufika zahanati ya Busasamana mara moja kwa mwezi, siku ya Alhamisi. Mwezi huu, kwa ajili ya barabara, siku ilisogezwa nyuma hadi Jumanne, siku mbili kabla. Zahanati iliandika badiliko kwenye mfumo wetu na mfumo ukatuma ujumbe kwa wote. Illuminée anatumia laini ya Kongo, kama nusu ya wanawake wa biashara ile, maana wateja wake wote wako upande ule. Alifika Alhamisi kama kawaida. Akakuta mlango wa muuguzi umefungwa, akaambiwa mbona ulitumiwa ujumbe, arudi mwezi ujao. Vidonge vilimwishia. Siku ya tano, yaani jana, aliangukia kwenye mawe ya Grande Barrière, katikati ya mvua, na beseni la karoti kichwani.

Hakuweza kuzungumza. Mama yake, kikongwe mwembamba mwenye kitenge kilicholowa hadi magotini, alikuwa akimlisha uji kwa mrija. Uji ulimtoka pembeni ya mdomo, mama akaufuta kwa kidole, akaendelea.

Tulipotoka nje Nyirasafari akanigeukia.

"Ule mama mi nilisha kumuandika. Mara mbili. Jina lake iko mule kwako."

23 Oktoba, Jumatano

Nimeenda kwa Hamdani, nikasimama hadi alipotoa vile vifaa masikioni. Nikamuuliza: ujumbe ukienda laini ya Kongo, tunajuaje umefika?

"Hatujue, dada."

"Skrini inasema umefika."

"Skrini inasema kile we ulikubali iseme."

Kisha akafungua mtoto wa meza, akatoa simu kuukuu ya mama yake. Mama yake hushona magauni ya wateja wa Goma, kwa hiyo laini ni ya ng'ambo. Aliiweka mezani, katikati yetu. "Tuma," akasema.

Nikaiandikisha namba ile kama mgonjwa wa majaribio, nikatuma: Kesho ni siku ya dawa. Kwenye ukurasa wa ripoti hesabu ya namba ile ikapanda papo hapo. Jumbe zilizofika, moja.

Tukaitazama simu. Nje mvua ilikuwa ikipiga mabati ya gereji iliyo chini yetu. Dakika tano. Kumi. Ikaingia simu ya mteja kuulizia gauni, Hamdani akaongea naye, akaiweka tena chini, kuthibitisha kwamba laini ni nzima. Nikatuma mara nyingine, na nyingine. Jumbe zilizofika, tatu. Simu ilikaa kimya juu ya meza mpaka saa sita.

"Ulijua," nikamwambia.

"Kampuni inatupitishia message ilifunga njia ya Kongo mwezi wa saba. Inapokea, halafu inatupa. Mi nilisema kwa Duara. Bosi aliniuliza kama nakuja na solution ao nakuja na hofu. Mukacheka." Hakusema kwa uchungu. "Mutu anasema mara moja. Bakimucheka, anaweka muziki."

Nimejaribu kukumbuka siku hiyo ya mwezi wa saba. Siikumbuki. Nilicheka kitu ambacho hata sikukiweka akilini.

Kwenye orodha ya wagonjwa tuna watu sitini na mmoja wa laini ya Kongo.

24 Oktoba, Alhamisi

Nimemwambia Rutayisire kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono kifuani. Kabla ya kujibu alijipaka mafuta ya mikono, yale yenye harufu ya nazi, akasugua kidole baada ya kidole. Nilijikuta naangalia mikono ile na kutamani kufungua dirisha.

"Nimekusikia," akasema. "Na ninaumia kuhusu yule dada. Hamdani aanze kurekebisha leo, taratibu, bila kelele. Kwa nje hatusemi kitu mpaka tuwe na lugha moja."

"Watu sitini na mmoja wanangoja ujumbe ambao hautakuja. Tuzipigie zahanati simu sasa hivi."

"Tukipiga sasa, kesho mradi umesimamishwa. Watu kumi na wanne wanarudi nyumbani. Wagonjwa elfu tatu wanaopata jumbe zao vizuri, nao wanakosa. Umelifikiria hilo, au umefikiria tu jinsi ya kuituliza roho yako?"

Hilo lilinipata. Kweli lina uzito, hata sasa ninapoandika. Lakini nimeshinda nikilisikia kama kitu kilichokwama kwenye meno. Alikuwa nalo tayari. Mtu hatungi sentensi kama ile kwa sekunde mbili.

25 Oktoba

Nimezipigia zahanati mwenyewe kutoka kwenye kibaraza cha nyumbani. Mbili hazikupokea. Tatu zimesema nilete barua ya mkurugenzi. Busasamana simu imekatika kwa sababu ya mvua.

28 Oktoba, Jumatatu

Duara. Rutayisire amesema limetokea "pengo la mawasiliano". Amesema hakuna wa kulaumiwa, kisha akaeleza kwa dakika ishirini jinsi ambavyo taarifa kutoka kwa wagonjwa haikupanda juu kwa njia rasmi. Kila mtu aliangalia viatu vyake, kisha mmoja mmoja akaanza kumwangalia Nyirasafari. Hakumtaja jina. Alitupa nafasi tulitafute wenyewe, tukalipata, kama mbwa anayeonyeshwa mfupa kwa macho tu.

Baadaye aliniita. Ameandika barua ya Nyirasafari ya kukiri kwamba alijua na hakuripoti. Anamwachisha kazi kwa heshima, na barua nzuri ya kumtambulisha kwingine. Kutoka kwangu anahitaji mistari miwili tu, kama mpimaji: kwamba kwenye orodha ya kasoro hakukuwahi kuwa na ripoti ya aina hiyo.

Nikasema nitaangalia.

Nimeangalia. Ziko kumi na moja, zote kwa herufi kubwa. Chini ya kila moja: Si kosa la mfumo. Imefungwa na Umuhire. Jina la Illuminée lipo mara mbili, kama alivyosema, mara ya mwisho ikiwa tarehe kumi na saba. Siku ile hapa nimeandika "Nimefunga", neno moja, na kuhusu mvua.

Ningekuwa nimemchukia Rutayisire peke yake ningelala.

29 Oktoba

Nimetapika asubuhi. Mama anauliza kama nina mimba. Nimemwambia hapana, ni ofisi.

31 Oktoba

Mvua ya mawe. Rutayisire amenikumbusha ile mistari miwili. Amenitumia na kijipicha cha ua.

4 Novemba, Jumatatu

Tulikuwa watatu ofisini kwake: yeye, mimi na Nyirasafari. Barua ilikuwa mezani na kalamu juu yake. Kulikuwa na keki pia. Alimnunulia keki.

Nyirasafari aliisoma polepole, kidole kikifuata mistari. "Patron," akasema, "hapa munaandika nilijua nikanyamaza."

"Ni lugha ya kiofisi tu, mama. Haina maana unayoifikiri."

"Mi siko na shida na lugha. Mi nauliza, nilinyamaza?"

Rutayisire alinigeukia. "Umuhire atatusaidia. Ulitafuta kwenye orodha?"

Nilisema, "Nilitafuta. Aliripoti mara kumi na moja."

Hakubadilisha uso. Akakata kipande cha keki, akakiweka kwenye karatasi, akanisogezea. "Na hizo kumi na moja," akasema kwa sauti ileile ya supu na msiba, "zilifungwa kwa jina la nani? Na neno lile kwenye ripoti, aliyebonyeza kukubali ni nani? Ninakulinda, Umuhire. Tangu wiki iliyopita ninakulinda. Niache nikulinde."

Hapo nikamwelewa kabisa. Neno lilikuwa lake, kidole kilikuwa changu, na alikuwa ameviweka vyote viwili akiba kwa siku kama ya leo. Labda hata ile supu. Sijui. Hilo ndilo linalonichukiza zaidi, kwamba sitajua kamwe kuhusu supu, na mama bado anaisimulia.

"Jina ni langu," nikasema. "Nitalisema mwenyewe."

Nyirasafari aliiweka kalamu juu ya keki. Sijui kama alikusudia. Tukatoka.

6 Novemba, Jumatano

Nimechapisha ripoti zote kumi na moja na majibu yangu chini yake, orodha ya watu sitini na mmoja, na rekodi ya Hamdani ya majaribio. Hamdani ndiye aliyechapisha, kwa kweli, kwenye duka la shemeji yake. Aliziweka kwenye mfuko wa nailoni zisilowe.

Busasamana kulikuwa na ukungu, milima ya moto haionekani kabisa. Mkuu wa zahanati, Twagirimana, alinipokea kwenye chumba cha chanjo kwa sababu ofisi yake inavuja. Alisoma akiwa amesimama. Alisoma majibu yangu yote, moja moja, na kila alipomaliza karatasi aliniangalia, kisha akachukua nyingine. Nilimwona akifika kwenye jina la Illuminée.

"Mi nilimugombeza," akasema. "Alikuja Alhamisi, nikamwambia we ni mutu wa kutojali. Mbele ya watu. Kwa sababu screen yenu ilisema imefika."

Nikasema, "Neno lile nililikubali mimi."

Alitoka akamwita mhudumu wa afya wa kijiji, akamwita na wa pili, akaanza kugawa majina kwa vijiji. Kisha akazipigia zile zahanati nyingine tano, moja baada ya nyingine, akiwa amenipa mgongo. Alipomaliza aliniambia gari la mwisho huondoka saa tisa.

7 Novemba

Nimeondolewa kwenye kundi la simu. Kabla sijatolewa niliona Rutayisire ameandika kuhusu uaminifu. Makofi ishirini na sita.

11 Novemba, Jumatatu

Nimeandika barua ya kuacha kazi kabla hawajaandika ya kunifukuza. Nyirasafari amenipigia: kwenye Duara Hamdani amesema nyekundu. Hakueleza. Alisema nyekundu, akakaa chini kwenye zulia, na akakataa kusimama mpaka Duara likaisha. "Nilitaka kucheka," amesema, "lakini nikakaa chini na mimi."

Hamdani yule wa nyusi.

15 Novemba

Mvua. Wahudumu wa afya wamewapata watu thelathini na wawili.

25 Novemba, Jumatatu

Wageni wa Kigali wamekuja bila kutangaza, na mimi nimeitwa kuhojiwa. Nimesema yote, yangu kwanza. Mradi umesimamishwa miezi mitatu. Barua ya Nyirasafari imefutwa. Twagirimana ameomba Nyirasafari ndiye awe anawapigia wagonjwa kwa sauti yake, akiwa zahanati, naye Nyirasafari amekubali.

Rutayisire anahamia Kigali. Ofisi mpya, cheo cha juu zaidi kuliko alichokuwa nacho hapa. Atakuwa anafundisha viongozi wa kampuni nyingine namna ya kuwasikiliza wafanyakazi wao. Hamdani ameniambia hili kwa utulivu, tukiwa tumesimama nje ya duka la mama yake. Ninachokisikia hata si hasira. Ni kama kuona mtu anajipangusa mikono kwenye shuka ya mgonjwa.

Wagonjwa kumi na tisa bado hawajapatikana. Simu zao zinazimwa na kuwashwa, anwani ni za zamani.

1 Desemba, Jumapili

Nyirasafari na mimi tumeanza kuwatafuta kwa miguu. Yeye anawajua wanawake wa mpakani, mimi nina orodha. Kabla ya yote nilimwomba tupite kwa Illuminée, aliyerudi nyumbani wiki iliyopita.

Nyumba yao iko juu ya shamba la viazi, njia ni matope matupu. Taya limefunguliwa, anaongea kwa kubana. Mkono bado. Hajui kama atabeba tena kichwani, daktari hajui pia. Mama yake alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharage.

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilimwambia Illuminée, kwa Kiswahili changu cha Bukoba ambacho kila mtu hapa hunisifia, kwamba taarifa zilinifikia, kwamba mazingira ya kazi yalikuwa ya namna fulani, kwamba nilibonyeza nikakubali neno ambalo halikuwa la kweli. Ilikuwa ndefu. Nilipokuwa nikiendelea nilijisikia nina sauti ya mtu mwingine, na nusura niweke mkono kifuani.

Illuminée alingoja nimalize. "Sema tena," akasema. "Kwa Kinyarwanda. Mama yangu hasikie Kiswahili."

Kinyarwanda changu ni cha jikoni. Kina chumvi, maji, njoo, nenda, kilichoungua, aliyekufa. Hakina mazingira ya kazi. Nilimgeukia yule mama nikasema niliyoweza: Waliniambia mtoto wako hapati ujumbe. Waliniambia mara nyingi. Sikuangalia. Niliandika kwamba anaupata. Nilidanganya.

Mama aliacha kuchambua. Alinitazama, macho makavu, na sikuona ndani yake chochote ambacho ningeweza kukichukua na kwenda nacho nyumbani. Kisha akauliza ni watu wangapi wengine.

Nyirasafari alimjibu: waliobaki ni kumi na tisa.

Mama akauliza majina. Nikamsomea, karatasi ikilowa mkononi. Kwenye jina la saba alinyoosha mkono kuelekea bondeni, kwenye nyumba moja ya mabati nyuma ya migomba, moshi ukitoka. Akasema huyo yuko pale, na ana watoto wadogo.

Nilibaki nimesimama. Nadhani nilikuwa bado nangoja aniambie kitu.

"Ntutinde," akasema. Usikawie.

Akarudia maharage yake. Tukashuka, Nyirasafari mbele, mimi nyuma yake nikishika migomba nisianguke.